Tupeane uzoefu: klabu za kukutana kila wiki (Rotary, Lions na wenzao), kazi inafanyika kweli au ni kula hotelini tu?

Mleta mada, Dodoma

Wakuu habari zenu. Kuna mzee mmoja tunaheshimiana sana hapa mjini kanialika kwenye mkutano wa Rotary kama mgeni wake, na kaniambia kabisa nikipenda atanipendekeza niwe mwanachama. Mi ninachojua kuhusu hawa watu ni lile gurudumu kwenye kola ya koti na vibao vyao kwenye visima. Nimeuliza ofisini kila mtu ana lake, mmoja anasema freemason, mwingine anasema ni matajiri wanapeana dili, mwingine anasema utalipa michango mpaka uchakae. Sasa kwa waliomo au waliowahi kuwemo, iwe Rotary, Lions, Rotaract (ile Rotary ya vijana) au hata vikundi vyetu vya mtaani, naomba tupeane uzoefu. Mnakutana kila wiki mnaongea nini kisichoisha? Na hiyo kazi ya jamii inafika kwa wananchi au inaishia kwenye picha?

Mzee wa Upanga, Dar

Freemason tuitoe kwanza maana hiyo haifi. Rotary ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905, mwanasheria Paul Harris na wenzake watatu, wafanyabiashara tu waliotaka marafiki kwenye mji mkubwa, wakawa wanakutana kwa zamu kwenye ofisi zao. Nairobi klabu ipo tangu 1930, Dar tangu 1949. Mkutano ni wazi, unaingia mgeni, unakaa, unasikiliza, unaenda zako.

Sasa mkutano wenyewe ukoje. Ni saa moja tu, na wanaheshimu muda kweli, hiyo peke yake kwa nchi yetu ni ajabu. Rais wa klabu anagonga kengele, wimbo wa taifa, wageni wanajitambulisha, halafu anasimama sajenti. Huyu ndio burudani yote ilipo. Kazi yake kutoza faini, umechelewa faini, simu imelia faini, umetokea gazetini faini, umenunua gari hujatangaza faini mara mbili, na ukibisha sajenti anaongeza. Ni vihela vidogo, buku mbili, buku tano, vinaingia kwenye mfuko wa miradi. Ikitoka hapo kuna ile ya kutoa hela kwa furaha, mtu anasimama anasema binti yangu kapata chuo natoa elfu kumi, mwingine anasema mke wangu katoka hospitali salama natoa ishirini. Ukishakaa mwaka unajua habari za hawa watu kuliko za jirani yako mliyepakana ukuta.

Mwisho msemaji wa siku, dakika ishirini hivi na maswali. Leo daktari wa figo, wiki ijayo mtu wa kodi, ijayo mfuga nyuki. Mi nilianza kufuga nyuki kwa ajili ya huyo jamaa, wamenihama lakini hiyo sio kesi ya leo.

Dili zipo, siwezi kudanganya, watu wakikutana kila wiki lazima fundi wa mmoja awe fundi wa wote. Ila aliyeingia kwa ajili ya dili utamjua, hakai, maana kazi za kujitolea jumamosi asubuhi ndio zinamkimbiza.

Mama Watatu, Moshi

Mzee wa Upanga shikamoo, umeongea vizuri ila umeruka bei ya bufee 😂. Klabu niliyoanzia walikuwa wanakutana hotelini, chakula cha mchana ni lazima ulipie hata kama umefunga, nikipiga hesabu kwa mwezi ilikuwa inakaribia ada ya mwanangu. Tukalalamika wanawake kadhaa, ikachukua muda, mwishowe tukahamia ukumbi wa kawaida chai na mihogo na waliobaki wote ni wale wa kazi. Na kwa taarifa yenu wanawake tumeruhusiwa rasmi duniani kote 1989 tu, kabla ya hapo ilikuwa klabu ya akina baba, sasa hivi kwetu ukitutoa sisi hakuna mradi utakaosimama, nasema wazi.

Kuhusu kila wiki. 2016 Rotary walilegeza, klabu inaweza kukutana hata mara mbili kwa mwezi. Sisi tukashangilia, tukapunguza. Kilichotokea ni kwamba tulikuwa na mradi wa vyoo vya wasichana kwenye shule moja, vyumba vya kubadilishia na maji ndani, na fundi akawa amepokea malipo ya kwanza akapotea. Ile wiki ambayo hatukutani kila mtu anadhani mwenzake kaenda kumuangalia, wiki ya kukutana tunaambiana bado, miezi ikaenda hivyo hivyo. Tuliporudi kila wiki fundi alipatikana chap, sio kwamba tulipata akili mpya, ni kwamba kuna mtu kila alhamisi alikuwa anaulizwa mbele za watu "choo kimefika wapi" na huwezi kujibu bado wiki nne mfululizo, aibu inakutoa nyumbani. Mimi ndio maana nazitetea hizi kila wiki. Msemaji wa nyuki naweza kumkosa.

Na mkicheka vyoo mjue Rotary ya Chicago nayo mradi wake wa kwanza wa maana, 1907, ulikuwa kupigania vyoo vya umma mjini.

Jakisumu

Mimi niko Lions, huku Kisumu. Lions ni wengine kabisa watu msichanganye, hao wanaanzia kwa Melvin Jones 1917, na hiyo pia ni Chicago, sijui huo mji ulikuwa na nini. Sisi kukutana ni mara mbili kwa mwezi lakini wiki ya kambi ya macho tunaonana karibu kila siku mpaka wake zetu wanauliza.

Wacha nieleze hiyo kambi kwa sababu watu huona picha tu za watu wamesimama na banner. Wiki kadhaa mbele unaenda kwa chief atangaze kwa baraza, unaenda kanisani na msikitini, unatafuta shule ya kufanyia, unabembeleza mwalimu mkuu akupee madarasa. Siku yenyewe watu hufika kukiwa bado giza, wengine wametembea usiku. Wa kwanza anapewa namba, anapimwa na ile chati, wasiojua kusoma wanaonyeshwa herufi E imeangalia juu, chini, kando, yeye anaonyesha na mkono. Wengi shida yao ni miwani ya kusoma tu, fundi cherehani wa miaka hamsini anakuambia aliacha kazi kwa sababu hawezi kutia uzi kwa sindano, unampa miwani hapo hapo anaenda. Wenye mtoto wa jicho wanaandikwa list, siku ya basi wanabebwa hospitali, wanapasuliwa, kesho yake bandeji inatolewa. Kuna nyanya mmoja alifunguliwa macho, tukamrudisha kwake, wote tumesimama tunangoja alie au aombe, akaangalia jikoni akasema hizi sufuria mmekuwa mkinipikia nazo hazijasuguliwa tangu lini. Mke wa kijana wake alitaka kuingia chini ya meza.

Lakini pia kuna ile ya presha ya jicho. Hiyo ikishakula mishipa hakuna kurudi, matone yanazuia isiendelee tu. Sasa mtu ametoka mbali, amesikia wazungu wa macho wamekuja (na ni madaktari wetu tu wa Kenya), unamwambia lako halifunguki. Hiyo sehemu haipigwi picha. Kwetu tuliamua kila mtu wa hiyo hali aandikwe namba ya simu na mwanachama mmoja awe wake, wa kumpigia kujua kama matone yameisha, na hapo ndipo watu wengi wa klabu hupotea, kwa sababu kambi ni siku moja na matone ni maisha yote.

Mpare wa Same

Mimi naomba nipingane kidogo. Kwetu msaragambo ulikuwepo kabla hatujajua Rotary ni kitu gani, mnatoka kijiji kizima mnachimba mfereji, asiyetoka anatozwa, hakuna kengele wala koti. Na mfereji ukiziba mnajua nani azibue maana mlichimba wenyewe. Sasa hivi visima vya vibao, kuna kimoja namkumbuka, sitaitaja klabu, walikuja na tenti, muziki, mheshimiwa akapampu ndoo ya kwanza watu wakapiga makofi. Haikupita muda mrefu mpira wa ndani ya pampu ukalika, kipuri cha bei ndogo tu, lakini hakuna aliyejua kinauzwa wapi na hakuna aliyeachiwa hela ya kukinunua. Wanawake wakarudi korongoni. Kibao mpaka leo kinang'aa.

Mama Watatu, Moshi

Mpare hapo umegonga, siwezi kubisha. Kwetu sasa hatuchimbi mpaka kijiji kiwe na kamati ya maji, wameshaanza kuchanga kabla, hata kama ni mia mia kwa ndoo, na vijana wawili wamefundishwa kufungua pampu na kuifunga. Wasipochanga tunasubiri. Tumeshaambiwa tuna roho mbaya.

Mwana Mbeya

Langu fupi. Mnakumbuka 2022 polio ilipoonekana Malawi, tukaambiwa mikoa ya mpakani watoto wote wapewe matone nyumba kwa nyumba? Rotary polio ndio kazi yao kubwa tangu 1985, na Afrika ilikuwa imeshatangazwa 2020 kwamba kile kirusi cha asili kimeisha, kwa hiyo hii habari iliwauma. Klabu ya huku ilitoa magari na mafuta, mi nikawa dereva tu, sio mwanachama. Unapanda milima na boksi la barafu, mtoto anapewa matone mawili, kidole kidogo kinapakwa wino, ukutani inaandikwa chaki. Kuna mzee alificha wajukuu wote ndani kwa sababu kasikia yale ya mitandaoni, hakumsikiliza nesi wala mwenyekiti, akamsikiliza mwanachama mmoja muuza pembejeo kwa sababu kila msimu anamkopesha mbolea. Nikaelewa kwanini wanataka kila klabu iwe na mtu wa kila kazi.

Mbongo Kampala

Njooni Uganda muone. Huku huo mkutano wa wiki wanauita feloshipu na watu wanaenda hata wiki ya mvua, klabu zimejaa kila kona, kuna mbio zao za saratani kila mwaka Kampala inakuwa ya mashati ya rangi moja. Mganda Sam Owori alishateuliwa kuja kuwa rais wa Rotary ya dunia nzima mwaka wa 2018-19, akafariki Julai 2017 kabla hajashika, mpaka leo ukimtaja watu wanatulia kidogo. Ila onyo, huku ukiwa mgeni wanakuimbia na kukusimamisha, kama una aibu kaa karibu na mlango.

Dada wa Likoni

Mimi Rotaract, Mombasa. Sisi vijana hatuna pesa ya hoteli, tunakutana ukumbi wa bure na mara nyingine Zoom na nusu wamezima kamera, nawajua nyinyi. Tulipanda mikoko, wallahi tulijivunia, miche mamia, picha zikaenda kila mahali. Miezi michache yote imekauka. Mzee mmoja mvuvi akatucheka akatuambia hapo mlipopanda maji hayafiki ila bamvua, yale maji makubwa, kila aina ya mkoko ina pahala pake, mngeniuliza. Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyetuonyesha wapi, na yeye na wenzake ndio wanaoangalia, sisi tunachangia kitalu na mafuta ya mashua. Kazi imekuwa ndogo kwa picha na kubwa kwa miche.

Mtu wa Ohio

Niko Marekani, klabu ya mji mdogo, mkutano ni saa moja asubuhi, mayai na kahawa, wengi wazee wastaafu, mimi na mwenzangu mmoja ndio tunaowashusha umri. Nachotaka kuwaambia wa nyumbani ni kwamba hawa wazee wana hamu ya kusaidia ila hawajui pa kuanzia. Ile ruzuku kubwa ya mfuko wa Rotary mradi wake hauanzi chini ya dola 30,000 na lazima klabu mbili za nchi mbili tofauti ziungane, halafu ufanye utafiti kwanza uwaulize wananchi wenyewe wanataka nini. Nimeshaona barua za kutoka Afrika Mashariki zinasema tu "tunaomba msaada wa maji", hakuna kijiji, hakuna hesabu, hakuna jina la atakayesimamia. Zinasomwa, watu wanasikitika, zinafungwa. Ikija yenye kamati kama ya Mama Watatu hapo juu hiyo inapita.

Mleta mada, Dodoma

Asanteni sana wakuu, nimesoma yote. Swali la mwisho, hela. Nikiingia nategemea kulipa nini na nini?

Mzee wa Upanga, Dar

Kuna ya kiingilio, ada ya klabu, ya wilaya (wilaya ya Rotary, kundi la klabu, sio ya serikali), na ile ya makao makuu inayopigwa kwa dola, kwa hiyo shilingi ikishuka na wewe unaongeza. Mwaka wao unaanza tarehe 1 Julai, ukiingia katikati omba walipishe sehemu tu. Juu ya hapo kuna michango ya miradi, hiyo kwa maneno ni hiari. Muulize mzee wako haya yote kabla hajakuvalisha beji, na umuulize kwa maandishi, whatsapp inatosha. Halafu uliza chakula, kama unalipia hata siku usipokula.

Mama Watatu, Moshi

Hilo la chakula uliza la kwanza.