Ushauri: Nampeleka mama kasri la Bratislava, goti lake litahimili kile kilima?

Mjukuu_wa_Nyamanoro: Wakuu, habari za saa hizi. Mwezi ujao namsindikiza mama Vienna kwenye mahafali ya mdogo wangu. Mama kafundisha historia miaka 30, maduka hayamgusi kabisa. Dogo anasema treni ya kama saa moja inatufikisha Bratislava, Slovakia, kwenye kasri jeupe juu ya kilima, mji wa kale chini yake na mto Danube pembeni. Ila mama ana miaka 67 na goti la kulia linamsumbua. Juzi kupanda hospitali ya Bugando kumwona mgonjwa tulipumzika mara tatu. Je, viza ya Austria inatosha? Na kuna cha kuona, maana nasikia limejengwa upya?

Mdau_wa_Safari: Viza inatosha, mkuu. Nchi zote mbili zimo Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hata ya kuingia mara moja haina shida. Pasi zenu mtembee nazo, msiziache mlikofikia.

Binti_Kirumba: Usimpandishe kwa miguu, tafadhali. Njia za mji wa kale ni za mawe, yakilowa yanateleza, na kilima kiko kama mita 85 juu ya mto. Kuna mabasi ya umeme yanayopanda huko, ulizia Hrad, ndiyo kasri kwa lugha yao. Kushuka nako mpande basi, goti bovu huumia zaidi kwenye mteremko. Mimi nilienda na shangazi. Mnarani nilipanda peke yangu, yeye akakaa ukutani anatazama matishari ya mizigo yanavyopita taratibu, vile vile anavyokaa Capri Point kutazama meli ya Ukerewe. Nilimkuta hataki kuondoka.

Mzee_wa_Kamanga: Hilo la kujengwa upya lisiwakatishe tamaa. Kasri liliungua 1811, likabaki kuta tupu bila paa hadi ukarabati ulipoanza 1953. Watu walikaa na gofu kichwani mwa mji wao zaidi ya miaka 140, kisha wakaamua kulisimamisha. Kwa mwalimu wa historia hicho ni kisa kizima! Enzi hizo mji ulikuwa chini ya Hungaria, na wafalme wake walitawazwa hapo chini, kanisa la Mtakatifu Martin, kuanzia 1563 hadi 1830. Malkia Maria Theresa naye, 1741. Taji likitunzwa kule juu, kwenye mnara mkubwa wa kasri. Mwambie mama atazame ncha ya mnara wa kanisa: pale kuna mfano wa taji juu ya mto wa kulalia uliopakwa dhahabu. Na mkirudishiwa chenji, tafuteni senti 10, 20 au 50 za Slovakia. Kasri lenyewe limechorwa humo, amletee mjukuu.

Mjukuu_wa_Nyamanoro: Asanteni sana, tumeshakubaliana ni basi kwenda na kurudi. Mzee wangu, shikamoo. Nimemsomea mama, kavaa miwani kabisa, anauliza: aliyelichoma 1811 ni nani?

Mzee_wa_Kamanga: Marahaba. Mwambie si adui. Ni askari wa Austria wenyewe, dola iliyotawala huko wakati huo, walikuwa wameligeuza kambi, moto ukawaponyoka mwezi wa tano.