Tovuti za "andika tugawane mapato" zimetugeuza vibarua, bora blogu yako hata kama haina wasomaji

Wakuu heshima kwenu, leo niacheni niseme maana hili jambo limenikaa kooni.

Hivi hawa wenye tovuti za kuchangia makala wanatuonaje? Nimeandika makala ndefu ya jinsi ya kuokoa mafaili kwenye flash iliyogoma kufunguka, picha za skrini nimepiga mwenyewe, hatua kwa hatua, na pale juu kabisa nikaweka onyo kwamba kompyuta ikikwambia uiformati USIKUBALI kwanza. Naingia kesho yake nakuta kichwa kimebadilishwa eti "Flash Imegoma? Utashangaa Dawa Yake", onyo limesukumwa mwishoni huko, halafu kati ya hatua ya tatu na ya nne wamechomeka tangazo lenye kitufe kikuuubwa cha kijani kimeandikwa PAKUA. Sa msomaji atajuaje kama hiyo sio hatua inayofuata? Watu wamebonyeza, wamejazana matakataka kwenye kompyuta zao, wanakuja kunitukana mimi kwenye maoni kwa sababu jina pale juu ni langu. Nataka kurekebisha, naambiwa makala imefungwa na mhariri. Mhariri gani huyo ambaye hajui hata flash inaingia wapi!

Hela ndo usiseme. Salio likikaribia kiwango cha kutoa, akaunti "inakaguliwa". Ukiwaandikia wanakujibu asante kwa kuwasiliana nasi, suala lako linashughulikiwa, imetoka hiyo.

Nikasema basi naihamishia kwenye blogu yangu. Kumbe kwenye masharti yao ukishachapisha umewapa ruhusa ya kuitumia milele hata ukifunga akaunti, na nikiibandika kwangu Google inakuta nakala mbili zinazofanana, inachagua moja ya kuonyesha, na mara nyingi itakuwa ile ya tovuti kubwa. Yani naonekana mwizi wa makala yangu mwenyewe. Na dawa yake ipo toka 2009, ile alama ya canonical inayoiambia injini ya utafutaji nakala ipi ndo ya asili, Medium ukiingiza makala kutoka kwenye blogu yako wanakuwekea wenyewe. Hawa jamaa niliowaomba wameniambia "mfumo hauruhusu".

Najua kuna watakaokuja hapa kusema kule kuna wasomaji. Sawa, blogu ikiwa changa wanaosoma ni wewe na roboti za Google, sibishi. Ila hao wasomaji wa kule ni wako kwa lipi? Barua pepe zao huna, ukiweka linki ya blogu yako wanaifuta wanasema ni spamu, na makala ikiisha tu msomaji anarushiwa makala kumi za watu wengine.

Tena mnakula msala wa majirani. Google walipoleta Panda 2011, yale mabadiliko ya kushusha tovuti zenye makala hafifu kwenye matokeo ya utafutaji, tovuti nyingi za aina hii zilishuka kwa sababu ya makala za kulipua, na aliyekaa usiku kucha kuandika kitu cha maana alishuka nao hao hao. Baadae ndo zikaanza kufungwa, Yahoo Voices ilizimwa 2014, mwaka huo huo Squidoo ikamezwa na HubPages. Ambaye hakuwa na bakapu alijua hajui.

Na nikisema blogu simaanishi ile ya anwani ya bure tu, maana hiyo nayo mwenye nyumba yupo, waliokuwa na kurasa za bure kule GeoCities mpaka ilipofungwa 2009 wanaelewa. Nunua domeni yako, yani anwani ya jina lako mwenyewe, maneno yako yapakue uyatunze, hosti anayekuhifadhia blogu akikuletea za kuleta unahama na anwani inabaki ile ile, msomaji hata hajui kama umehama.

Sasa wadau, kuna mtu humu amewahi kufanikiwa kuitoa makala yake kwenye hizi tovuti? Sio kufuta akaunti, hiyo nimeshafanya na makala bado ipo, sema jina langu wameondoa wameandika "Timu ya Wahariri". Na nyie wa "si ulikubali masharti mwenyewe" piteni kimya kimya, sijawaita.