Rauta pepe ya pfSense ndani ya Proxmox: WAN ina anwani, lakini mashine za ndani hazipati intaneti

Mwanagenzi_Mukono
Habari zenu ndugu. Nina kompyuta ya mezani, RAM GB 16, mlango mmoja wa kebo, imewekwa Proxmox (mfumo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu, ndani ya kompyuta moja). Ndani yake kuna mashine pepe ya pfSense (rauta ya kiprogramu) yenye kadi 2 pepe za mtandao aina ya VirtIO: WAN, upande wa nje, iko vmbr0; LAN, upande wa ndani, iko vmbr1 (vmbr ni swichi pepe za Proxmox). Rauta ya 4G ya nyumbani ni 192.168.1.1. WAN ya pfSense imepewa 192.168.1.105, LAN imebaki 192.168.1.1 kama ilivyokuja. Mashine pepe ya Debian (Linux) iliyo vmbr1 inapata anwani lakini haifiki popote. Ukurasa wa usimamizi nao haufunguki kwenye laptopu iliyo kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Nianzie wapi?

KeboSita_Jinja
Tatizo liko kwenye anwani ulizoandika: WAN na LAN zote ni 192.168.1.0/24, yaani mtandao uleule. pfSense ikitafuta njia ya kutokea kupitia 192.168.1.1, inakuta hiyo ni anwani yake yenyewe, kwa hiyo pakiti hazitoki.

Fungua konsoli ya pfSense, chagua namba 2, kisha LAN. Ipe 10.20.30.1, na ukiulizwa biti za mtandao andika 24. Ikikuuliza geti (gateway, njia ya kutokea) la LAN, bonyeza Enter bila kuandika kitu. Wengi huharibu hapo. Washa DHCP (huduma ya kugawa anwani) kuanzia 10.20.30.100 hadi 10.20.30.199, halafu zima na uwashe Debian ili iachie anwani ya zamani.

Kisha pima kutoka Debian kwa mpangilio huu: piga ping (jaribio la kuona kama anwani inajibu) 10.20.30.1, halafu 192.168.1.1, halafu 1.1.1.1, mwisho jina la tovuti. Ikikwama ya kwanza, kagua vmbr1. Ya pili, kagua WAN na NAT (kubadilisha anwani za ndani pakiti zinapotoka). Ya tatu, angalia rauta ya 4G, hata kama ni bando limeisha. Jina peke yake likikataa, hiyo ni DNS (huduma ya kugeuza majina kuwa anwani).

Arua_Neti
Ongeza hili: nenda Interfaces, WAN, uondoe alama kwenye "Block private networks". WAN yako ni anwani ya ndani, ndiyo maana intaneti inazuiwa.

KeboSita_Jinja
Hapana ndugu. Alama hiyo inazuia maombi yanayoanzia nje kuingia WAN. Majibu ya maombi yaliyotoka ndani yanapita kama kawaida. Inahusika na laptopu yake, na hata huko, kuiondoa hakutoshi bila kuandika kanuni ya kuruhusu. Mwanagenzi, usifungue ukurasa wa usimamizi upande wa WAN. Weka mashine pepe nyepesi yenye kivinjari, RAM GB 2, kwenye vmbr1, uingilie huko kwa https://10.20.30.1. Nenosiri la awali libadilishe papo hapo.

Mwanagenzi_Mukono
Asante sana ssebo. Sasa ping zote 4 zinajibu, hata jina. Ila kurasa zinaning'inia, na apt (kisakinishi cha Debian) inakwama katikati.

Swichi_Mbale
Hiyo ni cheksamu. Kadi za VirtIO huacha hesabu ya kuhakiki pakiti ifanywe na kadi halisi, na kati ya mashine pepe mbili kadi halisi haipo. Ping inapita, TCP, inayobeba kurasa na apt, inaumia. Ingia System, Advanced, Networking, weka alama kwenye "Disable hardware checksum offload", hifadhi, kisha uwashe pfSense upya. Bila kuwasha upya huwezi kuwa na uhakika kwamba imeshika.

Onyo moja kubwa: hakikisha vmbr1 haina mlango halisi, sehemu ya "Bridge ports" iwe tupu. LAN ikiangukia vmbr0, nyumba itakuwa na DHCP mbili, na simu za watu zitaanza kupewa 10.20.30.1 kama geti bila mpangilio. Ukitaka kuunganisha swichi halisi baadaye, nunua kadi ya PCIe ya Intel uifunge kwenye vmbr1. Za USB hupotea kirahisi mzigo ukizidi.

Arua_Neti
Nimekubali marekebisho. Je, CHR, rauta pepe ya kampuni ya MikroTik, isingekuwa nyepesi zaidi kuliko pfSense?

Swichi_Mbale
Nyepesi ni kweli, na kwa kujifunza OSPF au BGP (itifaki za rauta kuambizana njia) ni nzuri mno. Lakini leseni ya bure inabana kila mlango kwenye Mbps 1 ya kutuma, kwa hiyo haifai kubeba intaneti ya mashine zako.

Kwa vile umeme hukatika: ndani ya Proxmox, kwenye Options za mashine ya pfSense, washa "Start at boot", mpangilio namba 1, subira sekunde 60, nyingine zifuate. Kwenye BIOS weka kompyuta ijiwashe umeme ukirudi. Na kabla ya kugusa kanuni yoyote, chukua snapshoti (nakala ya hali ya mashine ilivyo, ya kurudia).