Taft alikabidhiwa Ufilipino lini hasa: 1900, 1901 au 1902?

Msomaji_Masaka
Wakuu, salaam. Napitia barua za Rais McKinley wa Marekani kuhusu watu aliowatuma kutawala visiwa vya Ufilipino baada ya Hispania kuondoka, na nimekwama kwenye tarehe. Kitabu kimoja kinasema jaji Taft, mmoja wao, alianza 1900, kingine 1901, cha tatu 1902. Halafu barua kubwa yenyewe, ile ya 7 Aprili 1900, hakuandikiwa Taft. Kaandikiwa Elihu Root, Waziri wa Vita. Inakuwaje? Na Seneti ilikuwa wapi?

Karani_wa_Entebbe
Ndugu, vitabu vyote vitatu viko sawa, ila kila kimoja kimeshika karatasi yake. Tenganisha kuteuliwa, kupewa maelekezo na kukabidhiwa madaraka.

Uteuzi ulitangulia. Taft aliacha ujaji Machi 1900 ili aongoze tume ya watu 5. Wenzake ni Dean Worcester, Luke Wright, Henry Ide na Bernard Moses. Waraka wa Aprili unawataja kama watu waliokwisha kuchaguliwa, kisha unaeleza wafanye nini. Umepitia kwa Root kwa sababu visiwa vilikuwa mikononi mwa jeshi, na rais alivitawala kama amiri jeshi mkuu. Ili amri imfunge jenerali aliyeko Manila, ilibidi ishuke kwa njia ya wizara yake.

Soma kwa makini kifungu kinachotaja tarehe 1 Septemba 1900. Tume ilifika Manila 3 Juni, ikakaa karibu miezi 3 bila meno. Kuanzia 1 Septemba ndipo ikapata uwezo wa kutunga sheria, kutoza kodi, kuidhinisha matumizi, na kuteua maofisa wa mahakama, elimu, utumishi, miji na majimbo. Utendaji ulibaki kwa gavana wa kijeshi, Jenerali Arthur MacArthur. Yaani mmoja ana bunduki, mwingine ana mkoba. Sheria ya kwanza ya tume, 12 Septemba, ilitenga dola 2,000,000 kwa barabara na madaraja. Angalia hapo: ni dola za fedha za Mexico, ambazo thamani yake ilikuwa kama nusu ya dola ya Marekani. Wengi huinakili tarakimu ile kama ilivyo, na hesabu yote inaharibika.

Utendaji ulikabidhiwa kwa amri nyingine, ya 21 Juni 1901, iliyoanza kazi 4 Julai. Siku hiyo ndiyo Taft alipoapishwa kuwa gavana wa kiraia.

Wakili_Jinja
Naongeza la Seneti. Mwaka 1900 haikuhitajika, maana rais alitumia mamlaka ya vita. Udhaifu wake ulionekana mapema: vita vikiisha, uteuzi utasimama juu ya nini? Bunge la Marekani likaziba pengo kwa nyongeza ya Spooner (iliyompa rais idhini ya Bunge kutawala visiwa), 2 Machi 1901, kisha likapitisha sheria ya 1 Julai 1902. Hii ndiyo 1902 yako. Iliridhia yaliyofanywa, na kuanzia hapo gavana, makamu wake, wajumbe wa tume na wakuu wa idara wakawa wanateuliwa na rais kwa ridhaa ya Seneti.

Usiandike "Gavana Mkuu" kwa Taft. Cheo hicho kilianza 1905, naye alikwishaondoka.

Msomaji_Masaka
Asanteni sana. Je, wenyeji walikuwa na nafasi yoyote kwenye maelekezo hayo?

Karani_wa_Entebbe
Kwenye karatasi, kubwa. Maofisa wa miji wachaguliwe na wananchi. Kwa vyeo vya eneo pana zaidi, mwenyeji anayeweza kazi na aliye tayari apewe kwanza. Waraka unaitaka hata serikali ifuate desturi za watu wa visiwani, pamoja na yale wanayoyashikilia ambayo mgeni angeyaona hayana maana. Lakini wale 5 wa juu wote walikuwa Wamarekani. Wafilipino 3 (Pardo de Tavera, Legarda na Luzuriaga) waliingia tumeni 1 Septemba 1901, wakiwa wachache mezani. Kwangu mimi, pengo kati ya aya ile na orodha ile ya majina lina uzito kuliko tarehe zote.

Mvuvi_Kalangala
Kwa anayetaka mfano wa hapa nyumbani: wilaya yetu ya Kalangala, Uganda, ina visiwa 84, na RDC (mwakilishi wa rais wilayani) huteuliwa na rais chini ya kifungu cha 203 cha katiba, wakati mwenyekiti wa LC5 (baraza la wilaya) anapigiwa kura. Ila usilinganishe kupita kiasi, ssebo. RDC hatungi sheria wala hagawi bajeti; anafuatilia kazi za serikali na kuongoza kamati ya usalama ya wilaya. Tume ya Taft ilitunga sheria, ikashika fedha na kuajiri, yote kwa pamoja.

Wakili_Jinja
Kuhusu kupata nyaraka: usianze na majalada ya rais, utazama. Anza na kifungu cha 1 cha sheria ya 1902. Kinataja waraka wa 7 Aprili 1900, amri ya 21 Juni 1901 na sheria ya tume ya 6 Septemba 1901 iliyounda idara nne za utendaji. Ukiwa na tarehe hizo, nenda kundi namba 350 kwenye Hifadhi ya Taifa ya Marekani, ndiko ziliko kumbukumbu za idara ya visiwa. Barua binafsi za Taft na Root ziko Maktaba ya Bunge, Washington. Barua moja huweza kuwa na nakala sehemu zote mbili, basi andika umeisoma wapi.