Papa wetu, mzee wa ngoma, kazikwa bila tawi lake la mashabiki, eti "alikuwa na deni"!

Ndugu zangu wapenzi wa mpira wa Lubumbashi, nimekaa na hasira hii siku nne, leo naitoa. Jina la timu silitaji wala la tawi, kosa si la timu. Ni la komite yetu, na wakisoma watajijua.

Kila Jumapili tunachanga. Kila mtu ana kijitabu chake, katibu anatia sahihi. Tulikubaliana wote mfuko ule ni wa ugonjwa, uzazi na kilio. Basi la safari na jezi vina mchango wake.

Mazembe na Lupopo, timu zetu mbili za mpira, zote zimezaliwa 1939, katika mji uliojaa watu waliotoka mbali kufuata kazi za migodi na reli. Wengi hawakuwa na ukoo hapa. Mtu akifa, nani anachimba kaburi? Wenzake wa uwanjani. Mimi mwenyewe nilimzika baba hivyo.

Sasa mpiga ngoma wetu katutoka. Mtaa wetu wa Katuba mzima unamjua kwa mlio tu. Desemba 2010, Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazili 2-0 kule Abu Dhabi, mtaani kwetu walitoka wa Mazembe na wa Lupopo pamoja, na yeye alipiga mpaka ngozi ikapasuka. Akaiziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kiraka kipo mpaka leo, juzi nimekigusa, kimekuwa laini kama kiganja.

Alilala hospitali wiki tisa. Mkewe akaenda kwa prezida wa tawi kuomba pesa ya dawa, akaambiwa asubiri. Papa alipofariki tukapeleka kijitabu chake. Jibu: "Ana deni la wiki tisa, sheria ni sheria." Wiki tisa! Zile zile za kitandani! Miaka kumi na moja anachanga ili akiugua asaidiwe, halafu kuugua kwenyewe ndiko kunamfuta?

Na pesa? Imekodi basi la kwenda mechi Kolwezi. Siku ya maziko komite nzima ilikuwa mechini, pamoja na bendera kubwa, ile tunayomfunika nayo kila mwenzetu. Papa kaenda na shuka la nyumbani.

Walioleta unga wa bukari na makaa ni wapinzani wetu wa barabara ya pili, watu tunaotukanana nao kila derby. Walivua skafu zao mlangoni, wakaingia kusalimia wazee. Mmoja akaniuliza taratibu, "Kaka, wenzenu wako wapi?" Nilikosa pa kuweka macho.

Prezida, katibu, mtunza pesa: mama huyu apewe haki yake yote kabla ya Jumapili, na daftari la mfuko lifunguliwe mbele ya watu. Kijitabu cha Papa ninacho mimi, sahihi zote zimo. Jumapili nakuja nacho.