Naomba ushauri: Mungu anarejesha kweli miaka iliyoliwa na nzige?

Mtoto wa Uyole: Wakuu, shalom. Nipo Mbeya, ni Mkristo. Kuna hela nyingi imepotelea kwenye duara, shimo la dhahabu, huko Chunya. Tangu hapo usingizi sina, Meza ya Bwana siisogelei, pambio likianza natoka nje najifanya napokea simu. Kuna mtumishi hapa mjini ana mkesha wa urejesho Ijumaa hii, anafundisha Yoeli 2:25. Nimepanga kuuza pikipiki nikatoe sadaka. Niende? Matusi sitaki, hali yangu mbaya.

Kiazi Mviringo: Siti ya mbele. Mwenye karanga asogee huku.

Mama Mchungaji: Mwanangu, anza mstari wa 12 wa sura hiyohiyo. Kabla ya miaka kurudishwa kuna kufunga, kulia na kurarua mioyo. Pikipiki sijaiona. Ila na nyie vijana jumuiya hamji, mkishazama ndio mnakumbuka mikesha.

Mzee wa Kihesa: Kamwene. Mimi viazi vyangu vya Mufindi viliwahi kuungua na barafu usiku mmoja, asubuhi shamba jeusi kama limepitiwa na moto. Aliyenipa mbegu ni jirani ambaye tulikuwa hatusalimiani kwa ugomvi wa mpaka. Alizishusha mlangoni, akaondoka bila neno. Mpaka leo nikipita kwake navua kofia. Sasa wewe hujasema, hela ilikuwa ya nani?

Mtoto wa Uyole: Mzee wangu, hela ni hela. Tuzungumzie mkesha.

Dereva wa Igawa: Hahaha, akikwepa hivyo ujue ni mkopo wa kausha damu, au kikoba cha mke. Wamoravian wapo Rungwe tangu 1891, sijasikia hata mmoja aliyedai kadi ya pikipiki ili aombee mtu.

Mzee wa Kihesa: Ya nani, kijana?

Mtoto wa Uyole: Haya. Kaka yangu alifariki, mahakama ikanipa usimamizi wa mirathi. Tuliuza shamba lake la parachichi kule Tukuyu, shemeji akakubali, tukapanga hela ikae benki kwa ajili ya watoto. Nikaona benki imelala tu, bora niizalishe. Sijanywea bia! Tumefika kwenye mwamba, jiwe likaonyesha dhahabu, mwezi wa tisa maji yakajaa. Shemeji anajua hela ipo. Mtoto mkubwa anaingia form five Julai. Juzi kaniletea fomu ya kujiunga, kaikunja vizuri ndani ya daftari, na kwenye mstari wa mzazi kaandika jina langu. Ndiyo maana nataka Mungu atende haraka. Na mteja wa pikipiki keshatanguliza laki tatu, siwezi kurudi nyuma.

Mama Mchungaji: Yesu wangu! Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Walawi 6 inataka urudishe kamili, uongeze na sehemu ya tano. Unampelekea mtumishi sadaka, na anayekudai yupo Tukuyu?

Mtoto wa Uyole: Nikimwambia shemeji atanishtaki.

Dereva wa Igawa: Akushtaki. Msimamizi anapeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu. Karani atakuuliza kabla malaika hajakuuliza.

Nyanya Chungu: Wakuu, hii chai, tena ya tangawizi. Ada ya form five shule za serikali ilifutwa 2022. Halafu duara linajaaje maji kiangazi? Leteni maandazi.

Kiazi Mviringo: Nilijua tu. Karanga zangu zirudi.

Mama Mchungaji: Ada ilifutwa, godoro je? Ndoo, reki, nauli? Hujawahi kusomesha wewe.

Fundi Karasha: Nipo Makongolosi. Maji ya duara yanatoka chini, hayangoji mvua. Ukishapita usawa wake bila pampu umekwisha, hata kama juu ni vumbi tupu. Mimi nashangaa kitu kingine. Jiwe likionyesha, watu hawaondoki. Wanauza hadi suruali wapate pampu. Yeye kaondokaje?

Nyanya Chungu: Mleta uzi, jibu hapo.

Mtoto wa Uyole: Sijaondoka, mkuu. Hela ya pikipiki ningeigawa. Nusu sadaka, nusu pampu. Mungu akifungua mlango lazima akukute umesimama mlangoni.

Fundi Karasha: Basi huyu si muongo. Nawajua wa hivi, tunalala nao kambi moja.

Mzee wa Kihesa: Kijana, Ayubu alizaa wengine kumi, wale wa kwanza wakabaki makaburini. Hilo shamba halirudi. Mtoto wa kaka yako anakuita baba mdogo. Panda gari la Tukuyu, kaa na shemeji, mshenga awe mchungaji wenu. Pikipiki ukiuza, hela ikamnunulie mtoto godoro. Duara liache lijae.

Mtoto wa Uyole: Ndaga fijo, mzee. Ila pampu za kukodi zipo, Fundi? Kwa siku ni bei gani?

Mama Mchungaji: Nimeishiwa nguvu.

Dereva wa Igawa: Mleta uzi, hiyo pikipiki kadi ina jina lako? Huyo wa laki tatu akisuasua, nicheki.