Mashine ya umeme ya kusaga mabaki ya chakula: ni cheti gani cha usalama nimdai muuzaji?

MamaBelAir

Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, Bel-Air. Nina jiko la kupikia watu wa ofisi mchana: bukari (ugali), sombe (kisamvu), lengalenga, mbuzi, na samaki siku ya Ijumaa. Kinachonitesa si mapishi, ni mabaki. Kijana wa kusukuma taka anapita siku anayojisikia, na mvua ikishika, pubeli inanuka hadi meza za mbele.

Basi nataka ile mashine inayofungwa chini ya lavabo (sinki), inasaga mabaki na kuyasukuma na maji. Nimepata tatu, na kila mtu anaapa kwamba yake ndiyo salama. Ya dukani mjini ina alama ya CE. Nilipoomba karatasi, muuzaji akanionyesha garanti ya miezi sita, eti ndiyo cheti. Mdogo wangu aliyeko Guangzhou anataka kunitilia moja ndani ya kontena, anasema ya huko ina CCC na serikali ya China haina mchezo. Shemeji yangu wa Marekani anahama nyumba, anataka kunipa yake ya zamani yenye UL, bure.

Swali langu: kuna sheria inayolazimisha mashine hizi zipimwe kabla ya kuuzwa? Na kati ya alama hizo, niamini ipi? Wasichana wangu wanaosha vyombo peku, na sakafu ya pale haikauki mpaka jioni. Sitaki kumrudishia mtu maiti ya mtoto wake.

fundi_Katuba

Jambo Mama. Tuanze na ya bure: mwambie shemeji asante, aiache huko huko. Marekani wanatumia volti 120 na hezi 60, sisi 220 na 50. Atakwambia ununue transfoma. Transfoma inashusha volti tu, hezi zinabaki 50, na mota ya kawaida iliyotengenezwa kwa 60 ukiipa 50 inazunguka polepole na kushika joto. UL yenyewe haina ubaya, ni maabara ya tangu 1894, na wana kanuni maalumu ya mashine hizi, UL 430. Lakini walichopima ni mashine ikiwa kwenye umeme wa kwao. Ukiileta Bel-Air, cheti umekiacha uwanja wa ndege.

CE sasa. Wengi hapa wanadhani kuna ofisi Ulaya iliyoishika mashine, ikaipima, ikapiga muhuri. Kwa vyombo kama hivi hakuna. Sheria yao ya vyombo vya umeme, 2014/35/EU, inamlazimisha mtengenezaji ahakikishe chombo ni salama, aandike tamko, atunze faili ya vipimo, kisha anabandika CE yeye mwenyewe. Ni lazima, ndiyo, ila ni neno lake. Akiwa mtu wa kuaminika, sawa. Akiwa wa kichochoroni, huo ni wino tu. Na ile hadithi ya WhatsApp kwamba CE yenye herufi zilizobanana maana yake ni "China Export", iacheni jamani. Alama hiyo haipo. Ni CE iliyochorwa vibaya au ya uongo, basi.

CCC ina nguvu zaidi kwa sababu ni ya serikali, ilianza 2002, na bidhaa iliyo kwenye orodha yake inapimwa maabara na kiwanda kinakaguliwa. Lakini ni kwa soko la China. Kilichotengenezwa kwa kuuzwa nje tu hakilazimiki kuwa nayo. Kwa hiyo ya mdogo wako ikikosa CCC si lazima iwe mbovu. Ikiwa nayo, ujue ilikusudiwa prizi (soketi) za China: volti 220 na hezi 50, hapo tumeelewana, ila fishi (plagi) yao ina meno bapa na mawili yameinama. Utasikia mtu anasema "weka adapta tu". Adapta ya matundu mawili inaitupa terre (waya wa ardhi unaopeleka umeme uliovuja udongoni), na bila terre hizo herufi tatu hazikusaidii kitu.

Mimi ningemwuliza muuzaji namba moja: IEC 60335-2-16. Ndiyo kanuni ya kimataifa ya mashine za kusaga mabaki ya chakula, inakwenda pamoja na 60335-1 ya vyombo vyote vya nyumbani. Humo wanapima mambo yale yale unayoyaogopa: maji yakimwagikia, umeme kiasi gani unavuja kwenye bodi, mota ikikwamishwa na mfupa inafika joto gani kabla ya kujizima. Terre nayo wanaipima: kutoka pale waya unapofungwa hadi bodi ya chuma, upinzani usizidi omu 0.1.

Sasa sikia. Niliitwa nyumba moja Kampemba, mashine ya aina hiyo hiyo, ya bei, na vyeti vyake viko kwenye droo ndani ya plastiki. Prizi ya chini ya lavabo ilikuwa ya matundu mawili. Aliyefunga aliona fishi ya misumari mitatu haiingii, akaukata wa tatu. Kisiki cha shaba bado kilikuwa na alama za meno ya koleo. Nikagusisha tournevis (bisibisi) ya kupimia umeme kwenye bomba, taa ikawaka. Mama wa nyumba ananiambia kwa utulivu kabisa: "Ee, hilo bomba huwa linawasha mikono." Wamelizoea!

Cheti chao hakikuwa cha uongo. Maabara ilipima mashine yenye terre, wao wakafunga nyingine.

Kwa hiyo kabla ya mashine, tia pesa kwenye disjoncteur différentiel (swichi inayojikata umeme ukivuja) ya miliampea 30, kwa ajili ya ile prizi. Disjoncteur ya kawaida ya ampea 16 inalinda waya zisiungue, mtu anaweza kufa mbele yake haijashtuka. Différentiel inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua miliampea 30, maana yake zimepitia kwingine, labda kwenye mwili wa msichana wako, inakata papo hapo. Ina kitufe cha T cha kuijaribu, ukibonyeze mara moja kwa mwezi.

Na terre. Kiangazi udongo wetu mwekundu unakauka kama tofali, upinzani unapanda, na vijana wanapigilia kachuma kafupi nyuma ya nyumba wanadai ni terre. Pigilia virefu, pale maji ya kuogea yanapomwagika ndiyo pazuri. Faida ya différentiel ni kwamba haidai terre ya ajabu: volti 50 ukigawa kwa miliampea 30 ni zaidi ya omu 1600, na chuma kilichopigiliwa kwa heshima kinakuwa chini ya hapo sana. Ila terre iwepo.

dekla_kasumba

Mimi ni déclarant (wakala wa forodha), nakaa na makaratasi haya. Kwetu mwenye kukagua bidhaa zinazoingia ni OCC, tangu 1974. Mashine ya kuingia kwa kontena inatakiwa ipite kwenye ukaguzi huo, na karatasi inayotoka inahusu mzigo ule, si jina la mashine milele. Muuzaji akikuambia "OCC walishaipitisha", mwulize ni kwa mzigo gani, na aonyeshe. Vile vinavyovuka kimoja kimoja kwenye begi la abiria usivitafutie karatasi, hutaipata.

Jambo ambalo watu wa hapa wanalisahau ni Afrika Kusini. Kule vyombo vya umeme vya nyumbani haviuzwi bila barua ya idhini ya NRCS, wakaguzi wa serikali yao, wanaiita LOA, na haitoki bila ripoti ya maabara. Umeme wao ni 230 na hezi 50, unatufaa. Kwa hiyo mashine iliyonunuliwa Johannesburg kwenye duka lenye risiti imeshapita mlango mmoja wa maana kabla ya kufika mpakani Kasumbalesa. Fishi yao ya misumari mitatu minene ya mviringo haitaingia kwako, hapo fundi ana haki, prizi ndiyo ibadilishwe, msumari usiguswe.

Wa upande wa Goma na Uvira wanapata vilivyoingizwa kuuzwa Kenya na Tanzania, ambako mashirika ya viwango, KEBS na TBS, wanadai cheti cha ulinganifu kabla mzigo haujapakiwa. Tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, lakini mzigo wa Lubumbashi bado njia yake ni kusini.

Kwa mdogo wako: amdai mwenye kiwanda cheti cha CB (cha kimataifa, cha vipimo vya IEC) chenye namba ya modeli na hiyo IEC aliyotaja fundi. Amdai kabla ya kulipa. Kontena ikishafungwa hakuna wa kukujibu.

MwanaKadutu

Mimi wa Bukavu, mnisamehe nikiingia na swali la kijinga. Hayo mabaki yakishasagwa yanakwenda wapi? New York walizikataza mashine hizi sehemu kubwa ya mji hadi 1997, wakihofia mifereji yao, na wao wana mifereji. Mama ana fosse septique (shimo la maji taka), nadhani. Itajaa upesi, na gari la kunyonya si bure. Halafu inataka maji yatiririke wakati wote inaposaga. Siku maji hayatoki je?

Bukari ikiingia humo na maji kidogo inakuwa gundi ndani ya bomba. Maganda ya mahindi na vijiti vya sombe vina nyuzi, vinajizungusha. Huku kwetu mabaki ya jiko lote yanakwenda kwa mama mwenye nguruwe, anakuja na ndoo yake mwenyewe, na Krismasi anakuletea kipande. Hajaniomba cheti.

fundi_Katuba

@MwanaKadutu nguruwe hali mifupa ya samaki na limau vya watu sitini, lakini kuhusu fosse uko sahihi, sipingi.

MamaBelAir

Asanteni sana, kweli. Leo nilirudi dukani na tochi ya simu. Nikamwomba kijana ailaze mashine, nikasoma kibati cha chini: 220-240V, 50Hz, 380W, alama ya terre ipo, kitufe chekundu kipo. Hakuna jina la kiwanda wala anwani. Modeli ya kwenye kibati inaishia na 38B, ya kwenye boksi inaishia na 55, na boksi linasema nguvu ya farasi robo tatu. Nilipomtaja IEC, muuzaji akasema hiyo ni ya mashine za viwandani, kisha akashusha bei dola ishirini bila mimi kuomba.

Fosse tunayo, ilinyonywa kabla ya Pasaka. Mama wa nguruwe yuko Kasapa, mbali na mimi, lakini nitamtafuta.

fundi_Katuba

Usilipe, Mama. Nguvu ya farasi robo tatu ni kama wati 560, kibati kinasema 380. Hata ukijua wati za kibati ni zile mota inazokula, si zile inazotoa, hesabu inazidi kuharibika. Na CE bila jina la mtengenezaji na anwani yake haijatimiza hata sheria ya hao Ulaya, maana nani atawajibika? Hakuna mtu. Cheti chochote atakachokuletea baadaye hakitakuwa na modeli mbili kwa mashine moja.

Kile kitufe chekundu ni cha kurudisha mashine ikijizima kwa kuzidiwa. Wafundishe wasichana: ikikwama, kwanza fishi itoke ukutani, ndipo mtu aizungushe kwa ufunguo wa pembe sita kutoka chini. Mkono usiingie kamwe. Ndani hakuna visu kama watu wanavyodhani, kuna vyuma vya kurusha chakula kwenye pete yenye meno, na vinavunja kidole vizuri tu.

Prizi ya jikoni kwako ina matundu mangapi? Tuma picha yake, na ya kisanduku cha disjoncteur kikiwa wazi. Terre na différentiel tufunge hata kama mashine hutanunua, frigo yako na wale wasichana peku wako pale pale kila siku.

MamaBelAir

Mawili. Natuma picha courant ikirudi, simu iko asilimia nne.